SOMO LA MWEZI HUU: KUJIANDAA KWA MASWALI MAGUMU YA USAILI



Katika nyumba nyingi za mtaa wetu yuko kijana anayesubiri kuitwa kazini. Barua ya kuitwa, au siku hizi ujumbe katika simu, inapofika, nyumba nzima hufurahi. Mama hutafuta nauli, baba humwazimia kijana viatu kwa jirani, na ndugu aliye mjini huombwa amwekee mahali pa kulala. Lakini jambo moja husahauliwa mara kwa mara, nalo ni kumtayarisha mwenyewe kwa yale atakayoulizwa. Twamwambia, "Nenda, usiogope," kisha twamwacha aende na hofu yake.

Basi somo letu lahusu maswali magumu ya usaili: kwa nini huulizwa, na jinsi mtu awezavyo kuyajibu bila kudanganya na bila kujidhalilisha. Ni somo la vijana, na ni la wazazi pia, kwa maana mazoezi yake hufanyika nyumbani.

1. Wasaili wanatafuta nini?

Mwajiri anataka kujua mambo matatu. Je, mtu huyu anaiweza kazi? Je, ataifanya kwa moyo? Je, ni mtu wa kuaminika, ambaye wenzake wataweza kufanya kazi naye? Kila swali la usaili, hata likigeuzwa namna gani, lina asili yake katika moja la hayo matatu. Unapoulizwa neno la kukushtua, jiulize kimya: hapa wanatafuta lipi kati ya hayo? Mara nyingi jibu litaanza kuonekana.

Katika utumishi wa umma nchini Tanzania, usaili wa kazi nyingi huendeshwa na Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma. Mara nyingi huanza na mchujo wa kuandika. Kwa kazi kama udereva huwapo usaili wa vitendo. Mwisho ni mahojiano ya ana kwa ana mbele ya jopo, na majibu hupewa alama. Wataalamu nao wamelichunguza jambo hili. Mwaka 2022 Paul Sackett na wenzake walipopitia upya tafiti nyingi za namna ya kuchagua wafanyakazi, waliona kwamba mahojiano yaliyopangwa, ambayo waombaji wote huulizwa maswali yaleyale na kupimwa kwa kipimo kimoja, ni miongoni mwa njia bora kabisa. Kwa hiyo usidhani kwamba tabasamu na sauti tamu vitatosha. Jibu lenye mambo ndani yake ndilo lipatalo alama.

Tukumbuke pia wingi wa watu. Mwezi Juni 2014 waombaji zaidi ya 10,000 walikusanyika Uwanja wa Taifa, Dar es Salaam, kugombea nafasi 70 za Idara ya Uhamiaji. Mwaka 2025 Mamlaka ya Mapato Tanzania ilitangaza nafasi 1,596, wakaomba watu zaidi ya 135,000. Penye hesabu kama hizo, wengi wenye sifa hukosa, na kukosa si aibu. Tena, wako wanaofaulu usaili wa Sekretarieti bila kupata nafasi, nao majina yao huwekwa katika kanzidata, na baadhi yao hupangiwa kazi baadaye. Hivyo hata siku usiyopata kazi, alama ulizozipata zaweza kukufaa.

2. Swali huwa gumu kwa nini?

Swali gumu si lazima liwe na maneno mazito. Ni lile linalogusa mahali ambapo mwenyewe hujapatazama vizuri: alama mbaya katika cheti, miaka uliyokaa bila kazi, kazi uliyoachishwa, udhaifu unaoujua moyoni. Wasaili wameyasoma makaratasi yako, nao wataona penye pengo.

Hapo watu hushika njia mbili mbaya. Wengine hudanganya. Wengine hulalamika, wakamlaumu mwalimu, bosi wa zamani, ndugu na hata jirani. Mwenye kulalamika huwachosha wasaili. Mwenye kudanganya hujichimbia shimo, kwani wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Na hata ikionekana ndefu, ina mwisho. Mwezi Aprili 2017 Serikali ya Tanzania ilitangaza kwamba watumishi wa umma 9,932 wamegundulika kuwa na vyeti vya kughushi, nao wakaondolewa kazini. Baadhi yao walikuwa wamefanya kazi kwa miaka mingi, wana watoto shuleni na nyumba za kulipia kodi. Uongo wa siku moja uliwangoja njiani.

Njia iliyo njema ni ukweli uliotayarishwa. Ukweli usiotayarishwa huja vipande vipande, kwa machozi au kwa hasira, na wasaili hawaelewi ushike wapi. Ukweli uliotayarishwa una sehemu tatu. Kwanza, taja lililotokea, kwa sentensi moja au mbili. Pili, sema ulifanya nini baada yake. Tatu, rudi kwenye kazi unayoiomba. Hayo yakikaa kichwani, swali ulilokuwa ukiliogopa kuliko yote huwa jibu lako bora.

3. Maswali yenyewe

(a) "Tueleze habari zako." Swali hili laonekana jepesi, nalo limewaangusha wengi. Hawaombi historia ya ukoo. Sema kwa dakika mbili: umesomea nini, umefanya kazi gani, na kwa nini kazi hii yakufaa. Kisha nyamaza.

(b) "Miaka miwili hukuwa na kazi. Ulikuwa wapi?" Tuseme binti alibaki nyumbani kumtunza baba yake. Aweza kujibu hivi: "Baba alipata kiharusi, nikabaki kumtunza. Wakati huo nilifuga kuku wa mayai mia moja, nikaweka hesabu za chakula na mauzo kila siku. Sasa kaka yangu amepokea zamu, nami niko huru kufanya kazi wakati wote." Angalieni: ametaja jambo, ametaja alichofanya, amerudi kwenye kazi. Hakuomba kuhurumiwa.

(c) "Kwa nini uliacha kazi ya kwanza?" Usimseme vibaya mwajiri wako wa zamani, hata kama alikutenda vibaya, maana wasaili watafikiri kwamba kesho utawasema wao. Ikiwa mkataba ulikwisha, sema ulikwisha. Ikiwa uliachishwa, sema hivyo kwa ufupi na ueleze ulilojifunza. Na ujue kwamba, kwa Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, ajira inapokoma mwajiri hutakiwa kumpa mfanyakazi cheti cha utumishi. Kidai mapema, ukitunze, uende nacho.

(d) "Hisabati ulipata F. Utatunzaje fedha zetu?" Usiseme mwalimu hakuwepo, hata kama ni kweli hakuwepo. Kubali alama, kisha toa ushahidi wa baadaye: "Ni kweli, kidato cha nne sikufanya vizuri katika hisabati. Baada ya hapo nilisoma kozi ya utunzaji wa hesabu na kufaulu, na kwa mwaka mmoja nimetunza daftari la fedha la duka la mjomba. Hili hapa." Daftari moja lililoandikwa vizuri lina nguvu kuliko maneno mia.

(e) "Udhaifu wako ni nini?" Kuna jibu moja ambalo wasaili wamelisikia mpaka wamelichoka: "Udhaifu wangu ni kufanya kazi kupita kiasi." Wala usiseme, "Sina udhaifu," kwa maana hapo umeshautaja mmoja. Taja udhaifu wa kweli usioharibu kazi yenyewe, na useme jinsi unavyopambana nao: "Nilikuwa nikitetemeka kusema mbele ya watu. Mwaka jana nilikubali kuwasomea vijana wenzangu taarifa ya chama kila mwezi. Bado naona haya kidogo, lakini sasa naimaliza taarifa yote." Mtu anayetafuta kazi ya kutangaza redioni asitumie mfano huo. Kila mmoja na atafute wake.

(f) "Tupe mfano wa tatizo ulilolitatua." Maswali ya namna hii yameenea sana. Mwaka 1982 mtaalamu Tom Janz alichapisha utafiti juu ya mahojiano yanayouliza matendo yaliyopita, kwa kuwa alilolifanya mtu jana husaidia kukisia atakalolifanya kesho. Jibu lake lina ngazi nne: hali ilivyokuwa, wajibu wako, tendo lako, na matokeo.

Vijana wengi husema, "Sijawahi kuajiriwa, nitapata wapi mfano?" Mbona mifano wanayo! Tuseme mtu ni mweka hazina wa kwaya. Aseme: "Tulikuwa tunachanga fedha za sare, na hesabu hazikulingana (hali). Mimi ndiye niliyekuwa mweka hazina (wajibu). Nilianzisha kitabu cha stakabadhi, kila aliyetoa akatia saini, na hesabu zikasomwa mbele ya wote kila mwisho wa mwezi (tendo). Sare zilinunuliwa, manung'uniko yakakoma, na kitabu kile bado kinatumika (matokeo)." Aliyesimamia kamati ya harusi, aliyefundisha watoto, aliyeuza maandazi ya mama yake asipoteze mtaji, hao wote wana la kusema. Lakini seme "nilifanya" kwa yale aliyoyafanya mwenyewe, na "tulifanya" kwa yale ya wote. Wasaili huisikia tofauti hiyo.

(g) "Unataka mshahara kiasi gani?" Katika kazi za Serikali ngazi ya mshahara hutajwa katika tangazo. Katika kampuni na maduka hapana budi kuuliza kabla, kwa wale wafanyao kazi kama hiyo mahali hapohapo. Serikali pia hutangaza kima cha chini cha mshahara kwa kila sekta, nawe ukijue cha sekta yako. Piga hesabu ya nauli, kodi ya chumba na chakula, na ukumbuke makato. Mchango wa NSSF ni asilimia 20 ya mshahara, na mfanyakazi hukatwa isiyozidi 10. Mwenye mshahara wa shilingi 400,000 akikatwa asilimia 10, hubaki na 360,000, na hiyo ni kabla ya kodi ya mapato. Kisha jibu kwa adabu na kwa kiwango: "Kwa kazi kama hii hapa mjini nimesikia hulipwa kati ya kiasi hiki na kiasi hiki. Ningefurahi kuanzia hapo." Asemaye "Chochote mtakachonipa" hujishusha thamani kabla hawajamshusha wao.

(h) Swali usilolijua. Litakuja tu. Usibuni. Sema, "Samahani, hilo silijui. Lakini kama ningelikuta kazini, ningeanza kwa kutazama mwongozo wa ofisi na kumwuliza msimamizi wangu." Msaili anayejua kazi humheshimu mtu anayeujua mpaka wa maarifa yake, hasa katika kazi ya dawa, umeme au fedha, ambako kubuni huleta hasara.

(i) "Je, una swali kwetu?" Usiseme huna. Uliza moja au mawili yanayoonyesha kwamba umeifikiri kazi: "Katika miezi mitatu ya kwanza, ni jambo gani mngependa liwe limekamilika?"

4. Maswali yasiyostahili

Yako maswali yanayouliza yasiyohusu kazi. Binti huulizwa, "Utaolewa lini?" au "Je, una mimba?" Mwingine huulizwa kabila lake au dini yake. Yafaa tujue kwamba kifungu cha 7 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini chakataza ubaguzi kazini kwa sababu kama kabila au mahali mtu alikotoka, dini, jinsia, mimba, hali ya ndoa, majukumu ya familia, ulemavu, Virusi vya Ukimwi na umri. Ulinzi huo wamfikia na mwombaji wa kazi, hata kabla hajaajiriwa. Linaloruhusiwa ni sifa ambayo kazi yenyewe haiwezi kufanyika bila hiyo.

Lakini kuijua sheria si kugombana chumbani. Jibu lile lililo nyuma ya swali: "Asante kwa swali. Mambo ya nyumbani kwangu yamepangwa vizuri, wala hayatanizuia kufika kazini kwa wakati. Kama kazi hii ina safari au zamu za usiku, ningependa kuzijua."

Liko jambo moja ambalo halina jibu la adabu. Ikiwa mtu atamwambia binti, au kijana yeyote, kwamba kazi ipo ila kwanza wakutane mahali fulani faraghani, huo si usaili. Ni rushwa ya ngono, nayo ni kosa la jinai kwa Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007. Aondoke, amwambie mzazi au mtu mzima anayemwamini, na taarifa ipelekwe TAKUKURU. Simu yao ya bure ni 113. Na sisi wazazi tusimwambie mtoto avumilie kwa sababu nyumbani kuna shida. Kazi ya namna hiyo haimtoi mtu katika shida.

5. Mazoezi ya nyumbani

Majibu hayawi tayari kwa kuyawaza tu kitandani. Sharti yasemwe kwa sauti mbele ya mtu. Tuseme shangazi, muuguzi mstaafu, amekubali kuwa msaili, na binti anabisha mlangoni.

Binti: Hodi.

Shangazi: Karibu.

Binti: Shikamoo, mama.

Shangazi: Marahaba. Kaa.

Binti: Asante.

Shangazi: Haya, tueleze habari zako.

Binti: Mimi nilizaliwa Muheza, baba ni mkulima, na kwetu tuko watoto saba...

Shangazi: Mwanangu, ngoja. Watoto saba watawasaidia nini hawa? Wanataka habari za kazi. Anza tena.

Binti: Haya, shangazi. Nimesomea uhazili, nikamaliza mwaka jana. Nilifanya mafunzo kwa vitendo miezi miwili katika ofisi ya halmashauri, nikipokea simu na kutunza majalada. Tangazo lenu lasema mnahitaji mtu wa masjala, na hiyo ndiyo kazi niliyoizoea.

Shangazi: Sasa umejibu. Tena uache kuchezea hiyo leso.

Mazoezi ya nusu saa kwa jioni tatu yatosha kuondoa hofu nyingi. Ikiwa usaili utakuwa kwa Kiingereza, mazoezi nayo yawe kwa Kiingereza. Vijana wa chama waweza kuulizana baada ya ibada, na wazee waliostaafu ofisini wakombwe kukaa kama jopo. Msikariri majibu neno kwa neno, kwa maana ukisahau neno moja yote hupotea. Shikeni hoja, maneno yatakuja.

6. Kabla ya kuondoka nyumbani

Soma tangazo la kazi tena, mstari kwa mstari. Kila sifa iliyotajwa humo ni swali linalokungoja. Waambie wadhamini uliowaandika katika barua yako, awe kasisi, mwalimu au mwajiri wa zamani, kwamba wanaweza kuulizwa habari zako. Si vizuri mtu apigiwe simu naye hajui umeomba kazi gani.

Kwa usaili wa Sekretarieti ya Ajira, chukua kitambulisho na vyeti halisi, kuanzia cha kuzaliwa, cha kidato cha nne na kuendelea. Hati za matokeo za muda hazipokelewi mahali pa vyeti. Ikiwa majina yako yanatofautiana katika vyeti, hati ya kisheria ya kubadili jina itafutwe mapema, kwa kuwa wengi wamerudishwa mlangoni kwa ajili hiyo. Nauli, chakula na malazi ni juu ya mwombaji mwenyewe. Ndiyo maana twasema maandalizi ni heshima kwa mama aliyetafuta nauli ile.

Ukiingia, salimu kwa heshima, ngoja ukaribishwe kukaa, zima simu. Swali likiwa halijaeleweka, omba lirudiwe. Ukihitaji kufikiri, fikiri. Ukimya wa sekunde tano ni mrefu kwako, kwao ni mfupi.

Maswali ya kujadiliana nyumbani na katika chama

1. Ni swali gani unaloliogopa kuliko yote? Liandike, kisha ulijibu kwa sehemu tatu tulizozitaja.

2. Taja kazi moja uliyoifanya kanisani, shuleni au nyumbani, uieleze kwa ngazi nne.

3. Katika mtaa wetu, nani aliyewahi kukaa katika jopo la usaili awezaye kuwasaidia vijana?

4. Wazazi: je, mwanenu akiambiwa neno baya na anayetafuta kumwajiri, anajua kwamba atawaambia ninyi kwanza bila kuogopa?